Kilindi cha Mama

Mwaka huo ni ule tuliokula ndiga. Anayeijua ndiga haulizi zaidi: kiazi pori chenye sumu, unakiloweka mtoni mpaka kinanuka kama mzoga, na ukikipika kabla ya wakati kinakuua. Mjerumani alikuwa bado anatawala, vita vimeanza, na askari wake walipita vijijini kwetu Uluguru wakakomba mahindi hadi ya mbegu. Sisi tulibakiwa na kitu kimoja tu. Mama yangu alikuwa na kilindi.

Ni pale Mto Ruvu unapomaliza kushuka milimani ukatulia, maji meusi, huoni chini. Humo walijaa mikunga, samaki warefu kama nyoka, wanene kama mkono wa mwanamume. Mvua ikinyesha na mto ukachafuka, tuliingia mtumbwini: baba nyuma na upondo, mama mbele na mshipi, mimi katikati na kibuyu cha majivu. Mkunga ana ute, anaponyoka kama sabuni. Nilimpaka mama majivu viganjani, ndipo akaweza kumkaba. Mpaka leo harufu ya majivu yaliyolowa inanitia njaa.

Kwetu Waluguru ardhi na maji hufuata tumbo la mama. Baba pale alikuwa mwoaji tu, na hakuna asiyejua. Lakini akida aliyewekwa na Wajerumani hakuwa mtu wa kwetu. Siku moja alisimama ukingoni akauliza kilindi ni cha nani, maana anataka mikunga wapelekwe bomani.

"Cha ukoo wangu," mama akajibu.

Akida alicheka hadi kofia ikamtoka. "Mwanamke ana mto? Basi na mbingu ni ya kuku! Nipeni mwanamume."

Wa kusema alikuwa mjomba, kaka yake mama. Alikuwepo pale pale, akaangalia miguu yake, akiogopa kubebeshwa mizigo ya vita. Ndipo baba akasema, "Changu." Nadhani alitaka kutuokoa. Neno lenyewe ndilo lililotumaliza.

Mizigo alibebeshwa baba, na hakurudi. Matanga hayajaisha wakaja watoto wa dada yake, kwa kuwa kwetu mpwa ndiye mrithi wa mtu. "Pole, mkaza mjomba," mkubwa wao akamwambia mama, "ila marehemu alisema mwenyewe mbele ya akida." Mjomba wangu akaangalia tena miguu yake. Wakauchukua mtumbwi pamoja na kilindi. Mwezi ule ule mdogo wangu alikufa kwa ndiga ambayo haikulowekwa vya kutosha. Njaa haikumpa mama subira.

Leo nina wajukuu, na unga haukosi ndani. Watu husema ya Mjerumani aliondoka nayo. Uongo. Mjerumani aliondoka, Mwingereza akaja akaondoka, bendera yetu ikapanda, na kilindi bado wanakivua wale wale wa ukoo wa baba. Juzi alikuja mwanamke mtu mzima wa ukoo wao, na mkunga mkavu kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo, bibi. Tumekuletea zawadi, ya kilindini kwetu."

"Marahaba. Rudi naye. Cha mama yangu sipewi."

Mjukuu wangu akaona haya. "Bibi jamani, mpokee tu. Yameshapita hayo."

Mgeni bado amenyoosha mikono. Nikamtazama machoni, asije akasema kwao kwamba bibi amezeeka, hajui asemalo.

"Cha mama yangu sipewi."