Kipande Kisichoagizwa Dubai

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alinieleza kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili. Damu yangu ilikuwa imepelekwa nje ya nchi na majibu yalikuwa yamerudi. Akasema kila mwanamume ana kromosomu inayoitwa Y, anaipata kwa baba yake, na yangu imekatika kipande. Kipande hicho ndicho kinachofanya mwili utengeneze mbegu. Ndiyo maana walipopima manii hawakuona hata moja.

Mimi ni fundi wa magari, hapa Buyenzi. Basi nikamuuliza swali la fundi anayetafuta kipuri: "Hiyo piyesi inaagizwa wapi, Docteur? Dubai haiko?"

Hakucheka. Akasema wapo wanaume ambao kipande chao kimekatika mahali pengine. Hao wanaweza kwenda Nairobi au Kampala, wakapasuliwa korodani, zikatafutwa mbegu chache na kuunganishwa na yai la mke katika maabara. Na wakizaa wa kiume, naye atarithi upungufu uleule. Mimi nimekatika pabaya, hata wakipasua hawatakuta kitu. Dawa hakuna. Akaanza kutaja mbegu za mwanamume mwingine, nikamwambia mimi ni Mwislamu, aachie hapo. Akaachia hapo.

Nikarudi garajini nikafungua injini ya teksi niliyokuwa nimeiacha asubuhi. Nilitegemea nitalia. Wapi! Mikono ilifanya kazi yake na mchana ukapita.

Mtaani kwetu mwanamume hapimwi. Akiwa na ndevu na sauti nzito, na kitandani hana shida, huyo mzima; wa kupimwa ni mwanamke. Mke wangu alikuwa amekwisha kunyweshwa kila mzizi wanaoujua shangazi zangu. Na sasa mama alikuwa amenitafutia mke wa pili, msichana wa Kanyosha, na shangazi walikuwa wameshachagua kitenge cha sare. Mimi sikumtaka huyo msichana. Nilimpenda mke wangu, nilitaka abaki nyumbani kwangu na heshima yake; ndiyo maana nilikwenda kupimwa.

Jioni ileile nikamwambia yale ya daktari. Akakaa chini kwenye mkeka.

"Kumbe si mi?"

"Si weye."

"Alhamdulillahi," akasema. Halafu akajiziba mdomo kwa mkono na kuniomba msamaha. Nikamwambia hakuna neno, na kweli sikusikia neno lolote ndani yangu.

Ijumaa baada ya sala nikawakalisha mama na shangazi, dada zake marehemu baba. Nikasema: "Musinitafutie bibi mwingine. Shida iko kwangu. Nimezaliwa nayo, iko kwenye ile damu baba anapea mutoto wake wa kiume."

Mama akaweka kikombe chini. "Unasema nini? Baba yako amezaa watoto saba! Mi nilikuzaa na nani, basi?"

Loo! Shangazi wote wakageuka kumtazama. Nikaeleza kwamba kipande kinaweza kukatika mtoto anapotungwa, baba yake akiwa kamili kabisa. Nani alisikia? Shangazi mdogo alikuwa ameanza kuhesabu miezi kwa vidole. Hapo nikapandwa na hasira, maana mtu unaweza kukosa machozi lakini hasira zikawepo.

"Apana! Nyamazeni! Mama hana kosa. Bibi yangu hana kosa. Mi ndiye sizai!"

Nilisema kwa sauti ya garajini, ile ya kushindana na nyundo. Nyumba zetu zimebanana. Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Mambo ya Kanyosha yakafa siku hiyohiyo. Nikafikiri nimemaliza kazi.

Lakini habari zilifika kwa kaka za mke wangu. Watu hawa walikuwa wakiinamisha vichwa kila Idi wakija kwetu, dada yao hazai. Sasa wakaviinua. Wakaja na shehe, na kama ilivyo desturi, mmoja akasema kwa upande wa mke wangu na mmoja kwa upande wangu.

"Shemeji, hatuna ugomvi na weye," akasema kaka yake mkubwa. "Lakini dada yetu mumemunywesha madawa ya kila namna, na kumbe ni muzima. Bado kijana. Munataka azeeke bure?"

Mjomba wangu akajibu kwamba ndoa si watoto tu, na yatima wa kulea wapo. Akasema vizuri sana. Mimi niliwasikia kama redio ya jirani.

Shehe akamgeukia mke wangu. "Binti yangu, weye unataka nini? Hakuna mutu atakulazimisha."

Nilikuwa na hakika naye. Asubuhi hiyo alikuwa amenipigia kanzu pasi. Alinitazama mimi, hakumtazama kaka yake, na machozi yakamtoka.

"Huyu ni mwanaume muzuri," akasema. "Hajanipiga, hajanitukana. Lakini mi nataka mutoto."

Wote wakaniangalia. Nikatamka talaka moja, kwa sauti ya kawaida tu, kisha nikamuuliza kaka yake kama gari lao linawaka vizuri, maana walipofika nilikuwa nimelisikia linakohoa.