Kibao Nilichokichonga kwa Mkono Wangu

Nakumbuka siku niliyomfanya mtu mzima ainamishe shingo mbele ya mkwe wake, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Nakueleza hili leo, mwanangu, kwa sababu nimesikia umepata nafasi chuo cha ualimu, na nyumbani wote wanakupongeza na kukuusia uwatii wakubwa. Uwatii, ndiyo. Lakini mimi nina la kuongeza, na wakubwa wenyewe wasipolipenda shauri yao. Nina wajukuu sasa, hawana tena cha kuninyima.

Ilikuwa miaka ya tisini. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita, na watu walikuwa wakishukia bandarini Ikola, wengine hawana mkononi ila sufuria, kisha wanaletwa kwenye makazi ya wakimbizi huku kwetu Mpanda. Mimi nilikuwa binti wa Kipimbwe kutoka kijiji cha Mamba, nimemaliza kidato cha nne, nakaa mtaa wa Kawajense mjini kwa mama mdogo. Shirika moja likatangaza linatafuta vijana kumi wafunzwe ualimu wa Kiingereza, wakawafundishe wakimbizi watu wazima. Niliomba, nikachaguliwa, na wiki nzima mama mdogo hakupata mtu wa kumchotea maji kwa jinsi nilivyojiona mwalimu.

Mafunzo yalikuwa ya miezi mitatu. Asubuhi tulikaa ukumbini mjini, tukijifunza kuandika andalio la somo na kukata maboksi ya sabuni kuwa zana za kufundishia. Mchana tulipanda baiskeli kwenda makazini, kila mmoja na darasa lake, na Mratibu, yaani bwana aliyekuwa akitusimamia, alipita kutuangalia. Mwisho wa mafunzo angekuja mkaguzi kwa treni kutoka Tabora, na yeye ndiye angeamua nani apewe cheti. Bila cheti kile ningerudi Mamba kupalilia mpunga wa kaka zangu. Nilikitaka kuliko nilivyotaka kuolewa, na wachumba walikuwepo, usidhani.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Shuleni kwetu, aliyesema Kiswahili siku ya Kiingereza alivishwa kibao shingoni. Alikaa nacho mpaka amnase mwenzake, naye amvishe kwa mkono wake. Kengele ya mwisho ikikukuta nacho, fimbo. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na sikuwahi kuona njia nyingine. Basi nilipopewa darasa la watu wazima nikaenda kwa fundi seremala, nikaokota kipande cha mninga, nikakichonga, nikakitoboa, nikakifunga kamba ya katani. Kwa msumari wa moto nikaandika maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba aliyekivaa ni mjinga. Hakuna aliyeniagiza. Niliondoa fimbo tu kwa kuwa walikuwa wakubwa, nikaweka adhabu ya kufagia darasa.

Mratibu alipokiona alifurahi kama aliyeokota pesa. Akaagiza madarasa yote kumi yachonge vibao, akasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Nami nikacheka naye. Sikufikiri kwamba wale waliokaa mbele yangu walikuwa samaki waliokwisha kukauka, ambao ukiwakunja wanakuvunjikia mkononi.

Darasani kwangu alikuwemo Mzee Nestori. Kwao Burundi alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, vyeti vyake vyote vya Kifaransa. Hapa alikuwa analima muhogo. Zahanati ya makazini ilikuwa tayari kumchukua, ila daftari la wagonjwa na maelezo ya dawa yalikuwa ya Kiingereza, na alikuwa ameambiwa atasailiwa mafunzo yetu yakiisha. Alikuja kila siku, shati limepigwa pasi, jembe ameliegemeza nje mlangoni.

Alikuwemo pia Spesioza, mke wa mwanawe. Huyo kijana alipotea vitani, hawakujua yu hai au amekufa, na hivyo waliobaki wa nyumba ile walikuwa wao wawili tu. Darasa lilikuwa moja, wakalazimika kulisoma pamoja. Mzee alikaa mbele karibu na mlango, Spesioza nyuma kabisa pembeni. Hawakutazamana usoni. Hawakupeana kitu mkononi. Hata kalamu ilipitia kwa mtu wa katikati. Wala halikuwa jambo geni kwangu. Baba yangu mwenyewe akimwona mke wa kaka yangu anakuja njiani, aliacha njia akaingia majanini mpaka apite. Nililijua hilo kama ninavyoijua njia ya kisimani. Lakini nilikuwa nimejiambia kwamba mwiko huo wa ukwe unaishia nje, mlangoni, pamoja na majembe.

Siku hiyo kibao kilikuwa shingoni kwa Spesioza. Mama mmoja akaangusha daftari lake, na Mzee Nestori, kwa utu tu, akamwambia, "Pole." Neno moja. Darasa zima likajua limesemwa la Kiswahili, na zima likajifanya halikusikia.

Mimi nikasikia. Nikamwambia Spesioza avue kibao, amvishe Mzee.

Alibaki amekaa. Nikarudia. Akasema kwa sauti ndogo, "Madamu, yule ni baba mkwe wangu."

"Darasani hakuna mkwe," nikamwambia. "Kuna wanafunzi."

Mwanangu, yule mama alitembea kutoka nyuma mpaka mbele huku anatazama sakafu. Alipofika alishindwa. Mzee akaona atamwangukia pale pale, basi ili kumpunguzia akafumba macho na kuinamisha shingo yeye mwenyewe. Kamba ikapita kichwani. Vidole vya mkwe vilimgusa sikio, niliona, na nimekuwa nikiviona tangu siku ile. Hakuna aliyecheka. Mzee akakivua kibao taratibu, akakiweka mezani kwangu, meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, nayo ikayumba. Akachukua jembe lake akaondoka. Spesioza akatoka baada yake, akashika njia nyingine.

Kesho yake, katika darasa langu lililokuwa likijaa mpaka dirishani, walikuja watu saba.

Mratibu akasema niwaandike watoro, watarudi wenyewe. Mimi sikulala vizuri. Kulipopambazuka siku ya tatu nikapanda baiskeli, nikaenda kwa Mzee. Nilimkuta uani anamenya muhogo. Alinipa kigoda, akanipa maji, akaniuliza habari za mama mdogo, yote kwa heshima iliyoniunguza kuliko tusi. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kumenya.

"Madamu," akasema baadaye, "mimi nimepiga watu sindano miaka mingi. Mtu mzima akija, kwanza unafunga pazia, halafu ndiyo unamwambia ageuke. Kama huna pazia unatafuta hata kanga, mtu ashikilie. Dawa ni nzuri, lakini mgonjwa uliyemtia haya harudi kumaliza dozi. Anakwenda kufia nyumbani, na kosa ni la muuguzi." Akaosha kisu. "Wewe ulinivua mbele ya mkwe wangu. Mimi nimekusamehe, wewe bado mdogo. Lakini usianzie kwangu. Yule mtoto, mke wa mwanangu, tangu siku ile hali chakula cha nyumba hii."

Nilimkuta Spesioza bombani. Huyo hakunipa kigoda. Alisema, "Nilimfunga baba kamba kama mbuzi, na ni wewe ulinituma. Kibao kikitoka nitarudi. Kikikaa, Kiingereza chenu kaeni nacho nyie." Akajitwisha ndoo yake akaenda zake, na sikumlaumu hata kidogo.

Wahenga wanasema kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Jioni ile nilikipasua kibao kwa shoka la mama mdogo, nikakichochea chini ya maharage, na maharage yale yaliiva vizuri sana. Kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wanafunzi wangu kwamba kibao hakipo na hakitarudi. Walirejea mmoja mmoja. Mzee alikuwa wa mwisho, akakaa pale pale karibu na mlango. Tukakubaliana kwamba mtu akikwama aseme kwa Kiswahili au Kirundi, tumtafutie neno pamoja. Ukitaka kujua, katika wiki tatu walisema Kiingereza kingi kuliko walichosema mwezi mzima wa kibao, kwa sababu midomo haikuwa na woga.

Lakini Mratibu alikuwa ameshaviandika vibao kwenye taarifa yake. Vilikuwa sifa yake sasa. Akaniita ofisini akaniambia mkaguzi anakuja, na darasa lisilo na kibao halitapita. Nikamweleza yaliyotokea, tangu mwanzo, na kwamba mwanzilishi wa ujinga ule ni mimi, basi nina haki ya kuumaliza. Akasema mimi si mwalimu bado, ni mwanafunzi, na mwanafunzi hafuti sheria. Niliporudi nyumbani mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Chonga kingine, wakiondoka ukitupe."

Nilimpenda mama mdogo, na methali yake ni ya kweli kwa mambo mengi. Ila mkono ule ulikuwa unataka kushika shingo ya mtu. Sikuubusu.

Mkaguzi akaja. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, akakaa nyuma na daftari lake. Nilikuwa nimefika katikati ya somo Mratibu alipoingia na kibao kipya, kimepigwa vanishi. Akakiweka mezani kwangu mbele ya wanafunzi wote, meza ikayumba, akaniambia, "Hiki hapa. Atakayesema Kiswahili mvike, mkaguzi aone."

Alilisema kwa Kiswahili.

Nilikitazama kibao, nikamtazama Mzee Nestori, ambaye alikuwa ameshaanza kutazama mlango. Nikakichukua, nikainyoosha ile kamba kwa mikono miwili, nikamwendea Mratibu mpaka karibu. "Kwa sheria yenyewe," nikasema, "aliyesema Kiswahili ni wewe."

Akarudi nyuma hatua moja, mkono umekwenda shingoni. Sikumvika, mwanangu. Nilikuwa nimeapa sitamvika mtu tena, hata yeye. Nilitaka tu akione kinavyokuwa kinapokukaribia. Kisha nikainama, nikakisukuma chini ya ule mguu mfupi wa meza, nikaijaribu kwa kiganja. Ilitulia. Nikachukua chaki nikaendelea na somo langu mpaka mwisho.

Siku ya kugawa vyeti majina yalisomwa ukumbini. Yalikuwa tisa. Niliyasikiliza yote nikiwa nimekaa mstari wa mbele na gauni langu jipya, sikuinamisha uso, na niliwapigia wenzangu makofi kwa sauti. Nililia nyumbani, hilo sikufichi. Nililia mpaka mama mdogo akaniandalia uji kama mgonjwa. Uchungu ulikuwepo, lakini majuto hayakuwepo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wanafunzi wangu walijenga banda la nyasi, wakatuma watu wawili Kawajense kuniita, nikafundisha pale miaka minne. Baada ya hapo nimefundisha watu wazima huku mjini mpaka juzi juzi. Cheti cha shirika lile sina hadi leo, na anayetaka kuniuliza aje aniulize.

Baadaye malaria ilinikamata nikiwa kule makazini, nikapelekwa zahanati nimezungushiwa shuka. Mezani alikuwepo Mzee Nestori na koti jeupe. Aliandika jina langu daftarini, akaandika ugonjwa na dawa, kwa Kiingereza, herufi zimenyooka kuliko zangu. Akachukua sindano. Kisha, kabla ya kuniambia neno lolote, akaenda akafunga pazia. "Sasa, Madamu," akasema, "geuka. Na kesho urudi kumaliza dozi."

Nilirudi.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, na nitakwambia wazi usije ukasema bibi alikuwa anapiga hadithi. Mtu mzima akikaa mbele yako kujifunza, ameshakuamini kwa kitu kikubwa: amekubali uuone ujinga wake. Ufunike. Usimfundishe kwa namna ile ile uliyoumizwa nayo kwa kuwa tu wewe ulipona. Ukikosea, nenda ukaombe radhi kwa miguu yako, na uanze kwa aliyeumia zaidi hata kama ndiye atakayekusema vibaya. Na siku mkubwa wako atakapokuwekea mezani kitu cha kumdhalilisha mtu, usikiguse kwa kazi hiyo. Watakunyima cheti, ndiyo, watakunyima. Cheti watakunyima, lakini wanafunzi watakuja kukuita wenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kufundisha na kiburi kidogo cha kukataa. Akulinde usimtie mtu haya, na kila uliyemwanzishia dozi arudi kwako kuimaliza. Amina.