Maneno Yaliyofutwa Msalabani

Baba alimwamuru fundi afute maneno kwenye msalaba wa kaka yangu wakati jeneza halijateremshwa kaburini. Tulikuwa Chanika, waombolezaji wamesimama. Fundi hakuwa ameambiwa cha kuandika. Kila msalaba aliutilia maneno yaleyale ya mtume katika Biblia, kwamba marehemu amevipiga vita vizuri, na huu pia. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta. Likabaki jina na tarehe.

"Mlevi hakupiga vita vyovyote," Baba alisema, bila kupaza sauti. Ni mwinjilisti mstaafu. Maneno yale amewasomea marehemu wengi na hayatoi ovyo.

Kaka alikunywa kwa miaka mingi. Mkewe alivumilia, kisha akarudi kwao Kiwalani. Mwaka wa mwisho, kila Ijumaa alasiri akitoka gereji, kaka alikuja kwangu Gongo la Mboto, akavua viatu mlangoni na kunikabidhi.

"Sista, vifiche, nisiende kunywa. Nikividai, nitukane."

"Nikutukane vipi?"

"Hilo nikufundishe mie? Umeanza tangu tuko wadogo."

Nilivifukia kwenye gunia la mkaa. Jua likizama alianza kuvitafuta, akiniita mchawi. Ijumaa nyingi alikaa. Nyingine alitoka pekupeku. Alifia mtaroni, amelewa, siku ya Jumanne.

Alikuwa ameniapisha nisimwambie Baba. Nikakishika kiapo hicho hata pale makaburini, fundi akifuta.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa Baba, nikamsimulia habari ya viatu. Nikamweleza pia nilichofundishwa kwenye darasa la walimu wa shule ya Jumapili: katika Kigiriki cha mtume, neno tunalolisoma kama vita ni *agon*, yaani mashindano ya uwanjani, mbio au mieleka. Linataja kushindana. Halisemi nani kashinda.

"Na taji?" Baba aliuliza. "Limetajwa palepale mbele. Umeliruka."

"Sijaliruka, Baba. Taji analitoa hakimu. Sisi tunaandika msalaba tu."



"Wewe ni dada yake, ulimpenda. Kwa macho ya mkewe je, alishindana? Nataka nimsikie yeye. Akisema ndiyo, fundi ataandika."

Wifi nimemfuata Kiwalani mara mbili. Mara ya kwanza alisema hana neno juu ya yule mwanamume, akaendelea kufua. Mara ya pili alinipa kigoda, akasikiliza yote hadi mwisho.

"Baba yenu anataka nimwambie nini hasa?"

"Ulichokiona, wifi."

"Nilichokiona mie ni kingi."

Alisema atakwenda mwenyewe, nisimsindikize. Hii ni wiki ya tatu. Hajaenda, na sijui akienda atasema nini.