Vitanda Sita vya Mama Pasi

Ofisini tulimwita Mama Pasi. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli, huko ng'ambo, na kwa miaka sita alisomea ualimu katika chuo chetu kupitia simu. Ulibaki mtihani mmoja, na chuo hakiruhusu mwaka wa saba. Akiukosa, yote yamekwenda na maji.

Asubuhi ya mtihani huo nilikaa kando ya msimamizi, nikijaza ripoti. Mama Pasi akatokea kwenye kompyuta, bado na aproni ya zamu ya usiku.

"Mama, zungusha kamera tuone chumba."

Akazungusha. Vitanda sita. Kimoja amekikalia yeye. Kwenye vitano watu wamejifunika gubigubi.

"Kanuni inasema uwe peke yako."

"Hawa tumetoka nao zamu, kaka. Watanipa majibu ndotoni?"

"Nenda chumba kingine."

"Kipi? Hata kitanda hiki ni changu hadi jioni tu. Usiku analala mwenzangu."

Msimamizi akashusha pumzi. "Basi naufuta mtihani."

"Huufuti." Hakupaza sauti. "Kwenye fomu niliandika ninaishi bweni la wafanyakazi. Mlinipokea. Leo ndiyo mmeviona vitanda?"

Shuka likafunuka kwenye kitanda cha juu. "Shoga, mwambie huyo bwana mimi hata kurasa mbili za kitabu chako zilinishinda. Au tutoke, tukalale koridoni?"

"Hatoki mtu. Mmesimama kwa saa kumi na mbili mfululizo."

Akaifunga simu kwenye nguzo ya kitanda, juu kabisa, hadi tukaona karatasi yake, mikono yake na vichwa vyote vitano.

"Haya. Utulinde sote."

Msimamizi akanitazama, akafungua mtihani, akamsomea maswali. Kwa saa tatu Mama Pasi aliandika. Mmoja alikoroma; hakuna aliyemgeukia.

Alipomaliza, msimamizi akaninong'oneza, "Idadi ya watu chumbani, weka mmoja. Tumsaidie."

Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Andika sita, mdogo wangu," Mama Pasi akasema. "Shahada ya kufichaficha siitaki. Wakikataa, waniite niwaeleze mwenyewe."

Nikaandika sita. Kikao cha mitihani kilibishana siku mbili, wakamwita kweli, akawaeleza. Alama zake zikapitishwa, na vitanda vyote sita vikabaki kwenye ripoti.