Kibanda changu kimesimama, cha wifi kina magurudumu

Samahanini kwa kimya changu, jamani. Mtoto anaota meno, sijalala.

Ila leo wivu umenishika mpaka nimeona niandike.

Mimi na wifi yangu Tumaini tulianza kuuza chai na chapati pamoja. Nilichagua kibanda cha kudumu, hapa Lyamkena, Makambako. Yeye akachagua chenye magurudumu, kinavutwa na bajaji.

Leo baada ya ibada kulikuwa na mnada wa mazao na kuku wa sadaka nje ya kanisa. Wifi akakivuta chake mpaka getini!

Mimi huku, chapati zinapoa.

Mara mvua. Wifi huyo mlangoni kwangu, mtoto wake ameloa chapachapa.

"Wifi, nipokelee mtoto. Bora wewe una mlango."

Nikamlaza na wangu, kitenge kimoja. Moyoni nikasema, kumbe naye ananionea wivu!

Kisha nikachungulia hotipoti yake. Tupu!

"Zimeisha hata kuku hawajanadiwa," akacheka.

Wifi, ukisoma hapa usinune. Mlango ninao tayari.

Mlioko Njombe mjini, nitumieni kwa basi magurudumu manne ya toroli, ekseli mbili, na boli zake.