Pesa ya Vidole

Habari ilimfikia Mama Springi akiwa amepiga magoti ndani ya kochi la watu, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Alikuwa fundi makochi, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu akikalia kiti mara moja tu anakuambia springi ipi imekufa na ipi inajifanya mgonjwa. Simu ikaita. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

"Shemeji, umekaa?"

"Nimepiga magoti. Sema."

"Basi usiinuke, sali hapohapo. Sarafu zimeporomoka. Tangu asubuhi zinashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Watu wanauza hata bila kuuliza bei."

Misumari ikamdondoka mdomoni. Mmoja uliingia kwenye blauzi na hakuuhisi.

Shemeji huyo alikuwa dalali wa sarafu za mtandaoni. Alikodi meza kwenye duka la simu, akiwanunulia na kuwauzia watu bitkoini na kujikatia chake. Ndiye aliyemwonyesha Mama Springi njia miaka kadhaa nyuma, wakati vidole vyake vilipoanza kukakamaa asubuhi. Fundi makochi hana pensheni. Kazi yote ni kuvuta: unavuta kitambaa, unavuta mkanda, unavuta uzi. Siku vidole vikikataa kuvuta, umekwisha, na hakuna wa kukuandalia sherehe ya kukuaga. Alishaweka akiba kwenye kikundi, kikundi kikavunjika. Akaweka nyumbani, watu wa nyumbani wakaila. Basi akawa kila akimaliza kochi la faida nzuri anamega kipande, anampa shemeji amnunulie sarafu. Akaiita pesa ya vidole. Kufikia siku ile ilikuwa zaidi ya nusu ya vyote alivyokuwa navyo duniani.

Lakini alijijua. Mwanzoni, bei iliposhuka kidogo tu, aliuza kwa kiwewe. Ilipopanda akanunua tena kwa bei ya juu, kama mtu anayeuza mwavuli mawingu yakitanda na kuutafuta dukani akishalowa. Hasara ile ilimkera kuliko kuibiwa, maana mwizi angalau unaweza kumtukana. Ndipo akachukua simu ya zamani aliyokuwa akiwekea sarafu zake, akaizima, akaifunga kwa kipande cha sponji na kuishona ndani ya kochi la sebuleni kwake. Alitumia sindano ya kupinda, uzi wa nailoni na mshono wa kufungia ambao hufumuliwa na mtu mwenye vidole na subira tu.

"Hii haifumuliwi mpaka vidole vyangu vishindwe kazi," alimwambia mumewe.

"Benki gani hii, mtu anaikalia?" mume aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Na wewe unanenepa, kwa hiyo ina mlinzi."

Walicheka siku ile. Leo hakukuwa na cha kuchekesha. Alifunga kiwanda chake saa ambayo hajawahi kukifunga, akaliacha kochi la mteja tumbo wazi. Njiani alijiona mzee, vidole vimejikunja kama kucha za kuku, amekaa mlangoni kwa mtu akingoja kuulizwa kama amekula. Alipita mbele ya duka la simu, akawaona watu wamejazana kwenye kioo wakitazama mstari mwekundu uliokuwa ukiteremka. Akakaza mwendo, akawa karibu kukimbia, na mwanamke wa umri wake akikimbia barabarani watu hudhani kuna msiba.

Nyumbani akamkuta mama mkwe, ambaye alikuwa akikaa kwao tangu aanze kusumbuliwa na goti. Bibi alikuwa amejiweka pale pale, juu ya mshono, na bakuli la maharage ya kuchambua mapajani.

"Mama, naomba usogee kidogo."

"Nimetoka kupata joto hapa."

"Kuna springi nataka kuiangalia."

"Springi imelalamika? Mimi ndiye ninayeikalia, sijasikia neno."

"Mama, tafadhali."

Bibi akamtazama usoni, akaona rangi si yake, akasogea. Mama Springi akapiga magoti, akageuza mto na kuanza kufumua kwa wembe. Mshono aliufunga vizuri mno, akajilaani kwa ustadi wake mwenyewe. Kila fundo lilitaka kuchokonolewa, kuvutwa, kulegezwa. Jasho likamwingia machoni. Mwishowe akaigusa ile sponji.

Hapo ndipo shemeji alipoingia, hata hodi yake ilikuwa nusu. Begani alikuwa na mfuko mweusi.

"Afadhali nimekuwahi," alisema. "Nimeona kiwanda chako kimefungwa, nikajua uko huku. Shikamoo mama. Shemeji, sikiliza. Sikwambii kama dalali, nakwambia kama ndugu. Vitu hivi vimekufa. Kesho hutapata hata wa kumpa bure. Nipe mimi, nikutoe na hiki kidogo nilichokuja nacho, mzigo nibaki nao mwenyewe."

Akaupiga mfuko kofi la upole, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake.

Mkono wa Mama Springi ulikuwa tayari umeishika simu. Alikuwa ampe. Kinywa kilishafunguka kusema chukua. Ila maneno yale aliyafahamu mno. Aliyafahamu kwa sababu ni yake. Ndiyo aliyoyasema kwenye nyumba za watu miaka yote alipotaka kununua kochi kuukuu: Mama, hili limekufa, lina kunguni hili, kesho watoto watawashwa. Nipe nikuondolee takataka, chukua hiki kidogo unywe soda. Kisha analibeba, analiosha, analivalisha kitambaa kipya, na mwenyewe akilikuta dukani halijui.

"Zimekufa?" aliuliza.

"Zimekufa kabisa."

"Sasa maiti unainunua ya nini?"

Bibi akacheka puani, maharage yakatikisika.

"Nimekwambia ni undugu, shemeji."

"Undugu umekuja na mfuko."

Shemeji akatabasamu kidogo, akashusha mabega. Hakuwa mtu mbaya. Mama Springi hata hakumkasirikia. Angekuwa yeye mwenye mfuko, angekuja mapema zaidi.

"Sawa," alisema shemeji. "Na mimi faida yangu iko hapohapo, sikatai. Lakini na zikishuka zaidi? Hilo nalo ni kweli."

Hilo hakuweza kulikataa. Maana hata yeye, mara nyingine alipowatisha watu kwa kunguni, kunguni walikuwamo kweli.

"Zinaweza," alijibu. "Nenda shemeji. Nikitaka kuuza nitakutafuta mwenyewe."

Alipotoka, hofu haikutoka naye. Mama Springi alibaki magotini, kidole gumba juu ya kitufe cha kuwasha. Kubonyeza tu, aone kimebaki nini. Akakitazama kile kidole. Kilikuwa kimevimba kwenye kiungo na kuchubuka kwa wembe, lakini kilikuwa kimetoka kufumua mshono ambao mafundi vijana wangeukata kwa mkasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sharti: mpaka vidole vishindwe. Havijashindwa. Siku vikishindwa, atamwita mtu mwingine afumue, na hapo ndipo itakuwa zamu ya kuuza, bei iwe imeamkaje.

Akaifunga simu kwenye sponji. Akatunga uzi, na tundu la sindano lilimkwepa na kumkwepa. Mshono ukaenda upande, mbaya kama wa mwanafunzi. Hakuufumua kuurekebisha. Aliogopa kwamba akiufumua tena, hataurudisha.

"Sasa nikae?" bibi aliuliza. "Goti linaniuma."

"Kaa, mama," alisema, akimshika mkono kumteremsha juu ya mto. "Kaa kwa uzito wako wote."