Krismasi niliyotoa kadi ya kumpigia Bibi

Wakuu, heshima kwenu. Hii si kamba, ni kweli tupu, ingawa shuleni mimi ndiye mfunga kamba mkuu.

Naishi Edmonton, London, na mama yangu, anayehudumia wazee kwenye care home. Bibi alibaki Mbozi, Tanzania. Kila Krismasi anavaa gauni la kanisani, anakwenda dukani kwa jirani mwenye simu, anakaa kusubiri tumpigie.

Mwaka jana zamu ya kuongea kwanza ilikuwa yangu. Nilikuwa na vichekesho vya mwaka mzima. Bibi akicheka anakohoa, halafu ananitukana kwa Kinyiha. Wakuu, matusi yale nimeyamiss vibaya mno.

Sasa baada ya ibada ya Krismasi Mama akaja nyumbani na Mama Furaha, Mkongo mgeni pale kanisani. Watoto wake wako Uvira, hajasikia sauti zao tangu aje kuomba hifadhi. Alikuwa amejinunulia kadi ya simu, zile za kukwangua upate namba. Kaikwangua kwa ufunguo, kwa nguvu zote, namba zikaondoka pamoja na rangi.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kadi, si sufuria iliyoungua."

Akacheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Na siku ya Krismasi hapa hakuna basi, hakuna treni, maduka yamefungwa. Kadi nzima mle ndani ilikuwa moja tu. Ya Bibi.

Mama akaniangalia. "Zamu ni yako. Amua wewe."

Huo ni uonevu wa Kikristo, wakuu! Bora angeninyang'anya.

Nikampa. Si kwa ule moyo wa furaha anaouhubiri mchungaji. Nilitoa nimenuna kama beberu aliyenyeshewa.

Tukamsikia koridoni: "Allô? Ni mie mama yenu! Nipe Espoir... Ni weye Espoir? Mutoto yangu, hii sauti ya mwanaume umetoa wapi?"

Aliongea mpaka kadi ikakata. Akaja akanishika kichwa. "Aksanti sana, papa." Kwao mtoto wa kiume huitwa papa.

Mama alikaa kwenye ngazi, anatazama saa. "Bibi yako bado yuko pale dukani."

"Atasema line mbovu," nikasema.

Maduka yalipofunguliwa tukapiga. Jirani akasema Bibi alingoja mpaka giza, akaondoka akiwatetea watoto wake wa Ulaya kwamba wana kazi nyingi.

Tulimpata Jumapili. Nikamweleza yote. Akauliza:

"Na huyo Espoir, anakula?"

Nilichojifunza: kutoa hakuondoi hamu. Nilitoa, na bado nilikuwa naitaka ile simu. Mpaka leo naitaka Krismasi ile. Na nikirudishwa pale koridoni, nafikiri nitampa tena, nikiwa nimenuna vilevile.

Haya, mlio mbali na nyumbani, nani amewahi kutoa kitu huku roho inakililia? Mwageni hapa. Wa kunihubiria, mstari usizidi mmoja, nina homework.